Kompyuta Haitoi Sauti: Tafuta Kwanza Inapokatikia

Jumamosi moja mama wa mtaani kwetu alinijia na CPU aliyoifunga kwa kanga, kaipakata kwenye bajaji kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta hii imekuwa bubu tangu Jumatano. Nimeambiwa kadi ya sauti imeungua, mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, yote ibadilishwe. Na kabla ya kubadilisha wanataka kwanza wapige Windows upya."

Nikaichomeka kwenye monita yangu na sabufa yangu. Ikapiga. Tukaenda wote hadi kwake, nikaifunga pale ilipokuwa, kimya kikarudi. Nikauliza ni nini kilichobadilika Jumatano. Kijana wake akasema alitoa ule waya wa zamani wa monita, VGA, akaweka HDMI ili picha iwe nzuri. Basi. Waya wa VGA haubebi sauti hata kidogo, lakini HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Windows ilipoona HDMI ikadhani sauti inatakiwa huko, ikaipeleka kwenye monita isiyo na spika. Nilibofya mara mbili tu, kazi ikaisha.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kwenye kompyuta ile kulikuwa na picha za harusi ya binti yake, na hazikuwa na nakala popote. Windows ingepigwa upya kwa papara zingekwenda, na sauti ingebaki vilevile, maana kosa halikuwa kwenye Windows. Kwa hiyo ninachokuomba, msomaji, ni kimoja: usifute kitu, usinunue kitu, mpaka umejua sauti imekatikia wapi.

Sauti ina safari. Inatoka kwenye programu unayotumia, inaingia Windows, Windows inaikabidhi kwa draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), draiva inaipeleka kwenye chipu ya sauti, chipu inaitoa kwenye tundu, kisha inapita kwenye waya hadi spika. Unachofanya ni kusimama katikati ya njia hiyo na kutazama kama imepita au haijapita.

Anzia mwisho wa safari: spika yenyewe

Chomoa waya wa sabufa kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu au redio yenye tundu la hedifoni, upige wimbo. Ikiwa napo ni kimya, kompyuta haina kosa. Sabufa nyingi za majumbani zina njia kadhaa za kuingiza sauti: Bluetooth, FM, flashi, na AUX, yaani njia ya waya. Umeme ukikatika na kurudi, nyingine hurudi kwenye FM au Bluetooth zenyewe, na mtu akabaki anahangaika na kompyuta saa nzima. Bonyeza kitufe cha INPUT au MODE mpaka uone AUX au LINE. Halafu angalia kirungu cha sauti, maana watoto hukizungusha.

Ikiwa kwenye simu inapiga, rudi nyuma ya CPU. Matundu ni ya milimita 3.5 na yana rangi: kijani ni ya kutoa sauti, waridi ni ya maiki, buluu ni ya kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Mpangilio huu wa rangi ulitoka kwenye mwongozo wa PC 99 wa Microsoft na Intel, na bado unafuatwa kwenye mazabodi nyingi. Kompyuta zetu nyingi huwekwa kwenye kona ya ukuta, mtu anachomeka kwa kupapasa, na waridi liko jirani kabisa na kijani. Washa tochi ya simu, uone kwa macho. Kwenye kompyuta zilizotumika, zile ndogo za maofisini, tundu la mbele mara nyingi lina alama ya hedifoni tu bila rangi. Hilo nalo linatoa sauti, kwa hiyo lijaribu pia. Mbele kukipiga na nyuma kukigoma, umeshapunguza nusu ya kazi.

Vijiti vya kijani

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, na hakihitaji bisibisi. Piga wimbo wowote, uuache unaendelea. Shika kitufe chenye alama ya Windows na herufi R kwa pamoja, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Kidirisha kitafunguka kwenye sehemu ya Playback, kina orodha ya vifaa vyote vinavyoweza kutoa sauti. Kulia kwa kila kifaa kuna kijiti kilichosimama. Sauti ikipita kwenye kifaa hicho, kijiti hujaa kijani na kucheza juu na chini kufuata wimbo.

Tazama kwa makini ni kijiti cha nani kinachocheza.

Kikicheza cha jina la monita au TV, au chenye maneno kama Intel Display Audio au NVIDIA High Definition Audio, basi umekutana na kisa cha yule mama. Bofya Speakers kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Set as Default Device. Hali ni hiyohiyo kikicheza cha hedifoni za Bluetooth: pengine ziko chumba cha pili, zimewaka ndani ya mkoba, na kompyuta imejiunga nazo. Zizime au chagua Speakers.

Kikicheza cha Speakers na bado hakuna kinachosikika, Windows imemaliza kazi yake. Tatizo liko mbele yake: tundu, pini, waya, au tundu ulilochomeka si lile linalotoa sauti. Usiguse draiva.

Visipocheza vyote, sauti haijafika hata huko. Tatizo liko nyuma, kwenye programu au kwenye huduma ya sauti ya Windows.

Na kama Speakers haimo kabisa kwenye orodha, bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu ndani ya kidirisha, uweke tiki kwenye Show Disabled Devices. Ikijitokeza imefifia, mtu aliizima. Ibofye kulia, chagua Enable. Isipojitokeza, shuka hadi kwenye sehemu ya draiva.

Kila kitu kimya isipokuwa programu moja, au programu moja tu ndiyo kimya

Programu moja ikiwa kimya na nyingine zikasikika, kosa ni la programu hiyo. Bofya kulia alama ya spika kwenye kona ya chini, fungua Volume mixer. Kila programu ina kipimo chake, na kipimo kikishuka hadi sifuri hubaki hapo hata ukiwasha kompyuta upya. Kwenye Windows 11 hapohapo kuna chaguo la kifaa kwa kila programu, na nimekuta kivinjari kimeelekezwa kwenye hedseti ambayo ilishauzwa. Kwenye kivinjari, bofya kulia kichwa (tab) cha ukurasa ulioufungua uone kama kimeandikwa Unmute site. Kikiandikwa hivyo, maana yake tovuti hiyo imezimwa sauti. Zoom na wenzake wana mipangilio yao ya spika ndani kwa ndani, hawafuati ya Windows kila wakati, kwa hiyo ingia humo uchague.

Filamu moja ikitoa picha bila sauti, na nyimbo zinapiga, ni kwamba kicheza filamu chako hakiijui aina ya sauti iliyomo kwenye faili. Ifungue kwa VLC. Hutahitaji kingine.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanaofanya vikao vya mtandaoni: muziki unazama ghafla simu inapoanza. Windows yenyewe inashusha sauti nyingine kwa asilimia 80 inapotambua mazungumzo. Kwenye kidirisha kilekile cha mmsys.cpl, nenda Communications, chagua Do nothing.

Ala zinasikika, mwimbaji kapotea

Dalili hii hunifurahisha kuieleza kwa sababu watu huiona kama uchawi. Unaweka taarab: fidla zipo, kinanda kipo, ngoma ipo, mwimbaji hayupo. Kwa mbali labda unasikia kivuli cha sauti yake kama anaimba kutoka ndani ya mtungi.

Chukua pini ya hedifoni uitazame. Ile ya kawaida ina mikanda miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu. Ncha ni ya sikio la kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na shina ni njia ya kurudia ya masikio yote mawili. Shina likikosa kugusa vizuri, kwa sababu pini haijaingia mpaka mwisho, au waya umekatikia ndani pale shingoni, umeme wa upande wa kushoto hauna pa kurudia ila kupitia upande wa kulia. Unachosikia sasa ni tofauti iliyopo kati ya pande hizo mbili. Mwimbaji huwekwa katikati, yaani kiasi kilekile kushoto na kulia, na vitu viwili vilivyo sawa vikitoana hakibaki kitu. Ala zilizopangwa upande mmoja ndizo zinazobaki.

Sukuma pini hadi usikie "kliki". Isipotosha, ikunje waya polepole karibu na shingo huku unasikiliza, kwani mwimbaji akirudi kwa sekunde moja umeshapata mahali ulipokatika.

Ukitumia hedifoni za simu kwenye kompyuta ya zamani hutokea hivyohivyo bila kitu kuharibika. Pini ya simu ina mikanda mitatu kwa sababu ya maiki, na tundu la kijani la zamani halikutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo linagusa sehemu ya maiki badala ya njia ya kurudia. Kuna namna ya kuhakikisha: bonyeza na ushikilie kile kitufe cha kupokelea simu kwenye waya. Sauti ikirejea kamili ukiwa umekishikilia na kupotea ukikiachia, umepata jibu. Dawa ni kiunganishi kidogo kinachogawa maiki na sauti kuwa pini mbili, au kuichomoa pini kwa unywele mmoja tu.

Kwenye filamu, maneno yakipotea lakini milipuko na muziki vipo, sababu ni nyingine. Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na mazungumzo hukaa kwenye spika ya katikati. Kama Windows imeambiwa una spika sita na wewe una mbili, mazungumzo yanapelekwa kwenye spika isiyokuwepo. Kwenye mmsys.cpl gusa Speakers, bonyeza Configure, chagua Stereo.

Laptop inayodhani hedifoni bado zipo

Spika za laptop zimenyamaza, ukichomeka hedifoni unasikia vizuri, ukizichomoa kimya. Kabla ya yote angalia kitufe cha kuzima sauti kwenye kibodi, mara nyingi kina taa yake ndogo. Kama si hicho, ndani ya tundu kuna kiungo kidogo kinachotambua pini imeingia, nacho kimenasa. Huku kwetu pwani, chumvi ya hewani na vumbi hukifanyia kazi hiyo mapema kuliko bara.

Chomeka na kuchomoa pini mara kumi, kumi na tano, ukiizungusha ikiwa ndani. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, zima kabisa, chomoa chaja, chovya kijiti chembamba cha pamba kwenye spiriti ya kusafishia, kisha zungusha ndani taratibu na uache ikauke. Usitumie mafuta ya cherehani, usitumie maji, na usiingize sindano: nimewahi kutoa vipande vya chuma vilivyokatikia humo vikagusanisha kila kitu. Pia mulika tochi uone kama ncha ya pini ya zamani haikubaki ndani, maana pini za bei rahisi hukatika na ncha yake ikabaki humo miezi bila mtu kujua.

Alama ya spika ina X nyekundu

Hapa huduma ya sauti ya Windows imesimama, au Windows haioni kifaa chochote cha sauti. Windows na R, andika services.msc. Tafuta Windows Audio Endpoint Builder kwanza, kisha Windows Audio, kwa utaratibu huo, kwa sababu ya pili inaitegemea ya kwanza. Bofya kulia, chagua Restart, au Start kama imesimama. Zikikataa kuanza, bofya mara mbili uhakikishe Startup type ni Automatic. Zikianza na X ikabaki, tatizo ni draiva.

Sauti imetoweka baada ya Windows kusasishwa au kupigwa upya

Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua tawi la Sound, video and game controllers. Unachokiona hapo kinasema kitu.

Pembetatu ya njano maana yake draiva imegoma. Bofya mara mbili kifaa hicho, nenda Driver, na kama Roll Back Driver haijafifia, ibonyeze ili irudi draiva ya kabla ya sasisho. Ikiwa imefifia, bofya kulia kifaa, chagua Uninstall device, washa kompyuta upya, Windows itaitafuta tena yenyewe. Hii haifuti mafaili yako, usiogope.

Isipofaa, ijaribu draiva ya jumla ya Microsoft iliyomo tayari ndani ya Windows, haihitaji intaneti: Update driver, halafu Browse my computer for drivers, halafu Let me pick from a list, chagua High Definition Audio Device. Nimeshafufua kompyuta nyingi kwa njia hii pale ambapo draiva ya Realtek, kampuni inayotengeneza chipu za sauti, ilikuwa inagongana na sasisho. Unaweza kupoteza vinogesho vya Realtek kama vichujio vya besi, lakini sauti unayo.

Ukihitaji draiva ya asili, ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Jina kamili la modeli utalipata kwa kuandika msinfo32 kwenye kidirisha kilekile cha Windows na R, mstari wa System Model. Dell hubandika namba ya herufi na tarakimu 7 kwenye boksi, Service Tag, ambayo ukiiandika kwenye tovuti yao inakuletea draiva za kompyuta yako tu. Nakusihi ukae mbali na zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi huja na matangazo na wengine wasioalikwa.

Kama tawi la sauti halipo kabisa, au lina HDMI peke yake, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe, kabla Windows haijawaka): kwa Dell gonga F2 mara tu unapowasha, kwa HP ni F10. Tafuta palipoandikwa Audio uone kama imezimwa. Kompyuta zilizotumika zilizotoka maofisini ng'ambo huja na sauti iliyozimwa na wenyewe wa kwanza, na wauzaji hawakagui. Kwenye Dell OptiPlex kuna pia chaguo la spika ya ndani, ile ndogo iliyomo kwenye boksi, nayo huwa imezimwa.

Wanaotumia Linux: fungua terminal, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, na popote chini ya safu ukiona MM, simama hapo ubonyeze M. Ukikuta Dummy Output kwenye mipangilio, mara nyingi kernel, yaani kiini cha Linux, haijaitambua kadi.

Kujua kama chipu imekufa kweli

Njia ya haki ni kuwasha kompyuta kwa mfumo mwingine bila kugusa uliopo. Weka Ubuntu, moja ya aina za Linux, kwenye flashi, iwashie kompyuta kutoka humo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha piga sauti. Ikisikika, chipu ni nzima na Windows ndiyo yenye shida. Isiposikika huko wala kwenye Windows, mbele na nyuma, kwa waya ulioupima kwenye simu, hapo ndipo naamini chipu au matundu yamekufa. Umeme unaorudi kwa kishindo huweza kufanya hivyo, hasa sabufa na CPU vikiwa vimechomekwa bila kinga.

Na hata hapo mazabodi haibadilishwi kwa ajili ya sauti. Kuna kadi ndogo ya sauti ya USB, ukubwa wa flashi, ina tundu la hedifoni na la maiki. Ina chipu yake yenyewe, haihitaji ile iliyokufa. Ichomeke, subiri Windows iitambue, ichague kwenye mmsys.cpl. Hedseti ya USB inafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo azima ya jirani ujaribu kabla ya kununua.

Ukiamua kupeleka kwa fundi, hamisha picha na nyaraka zako kwanza kwenye flashi au diski ya nje, na umwandikie kwenye karatasi ulichokiona: kijiti cha Speakers kinacheza au hakichezi, hedseti ya USB inasikika au haisikiki, tundu la mbele linatoa au halitoi. Fundi mwenye karatasi hiyo mkononi anajua kama ashike chuma cha kulehemia tundu au afungue Device Manager, na hana sababu ya kukuomba ruhusa ya kufuta diski.